Maji ya Nane

Mama Pacha alikata ukingo wa ngozi kwa kisu kidogo, kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakiweka juu ya ulimi na kufumba macho. Nyuma yake mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa ameshika ndoo ya maji, akingoja kuambiwa aimimine au aitue. Wifi yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, chekeche limelala mapajani, naye akingoja.

Mama Pacha aliusikia unyevu. Aliusikia utelezi wa ngozi, na ubaridi wake. Basi. Kama angewekewa ulimini kipande cha kitambaa, au ukoko wa mkate, vingekuwa vile vile.

"Haya, usije ukakimeza," wifi alisema. "Nyama zenyewe tumezisahau, utatutia tamaa."

Mama Pacha alikitema kipande kiganjani, akakitazama kana kwamba kitamnong'oneza jibu. Alilifikiria kopo la kwanza lililorudishwa, akalifikiria la pili.

"Tayari," alisema.

"Maji ya tano?" Fundi alishangaa. "Si huwa unatupeleka mpaka saba?"

"Kitabu kinasema matano."

"Kitabu nilikiandika mimi." Fundi aliitua ndoo taratibu ili isimwagike. "Na wewe tangu lini ukakisikiliza?"

Mama Pacha aliinama, akaanza kuzikamua ngozi moja baada ya nyingine, na jasho likamtoka ingawa ilikuwa asubuhi na ua ulikuwa bado kivulini.

Walichokuwa wakitengeneza ni unga, lakini unga usiosongwa wala kuokwa. Ni ngozi mbichi ya ng'ombe iliyotolewa manyoya kwa chokaa, ikaoshwa maji baada ya maji mpaka chokaa imalizike, ikakaushwa kivulini, kisha ikasagwa mpaka ikawa kama pamba iliyochambuliwa. Ukifika maabara ya kituo kinachonunua magome ya miti, unga huo ndio unaotoa hukumu. Mkulima analeta magome yake, yanachemshwa kidogo, unga unatumbukizwa ndani, nao unainywa ile tanini, dawa iliyomo kwenye magome inayoifanya ngozi isioze. Ukinywa sana, magome ni daraja la kwanza. Ukinywa kidogo, mkulima anarudi nyumbani na nusu ya alichotarajia. Unga ule ulikuwa kama jiwe la mizani: hakuna anayeliangalia, lakini likipungua, wote waliopima wamedhulumiwa.

Kwa miaka sita Fundi alipeleka kopo moja kila mwezi, na kopo la mwaka wa kwanza na la mwaka wa sita hukuweza kuyatofautisha. Maabara walimsifu yeye. Yeye alimsifu mkewe. Alisema popote alipokaa kwamba hahitaji dawa za chupa, kwa kuwa mkewe akiigusisha ngozi ulimini, chokaa hata ikiwa punje moja itamuuma, na asipoumwa, imekwisha. Ngozi ya tumboni alikuwa akiiosha mara sita, ya mgongoni saba, ya shingoni, iliyo nene, hata nane. Hakuna aliyeyaandika hayo popote.

Miezi miwili iliyopita alishikwa na homa, akalala siku tisa. Homa ilipoondoka iliondoka na ladha. Mwanzo alidhani itarudi. Kila alfajiri, kabla hajawaamsha mapacha kwenda shule, aliingia jikoni akalamba chumvi, akalamba ndimu, akalamba majivu ya mkaa, akangoja. Kisha akasukutua na kutoka kama kawaida. Hakumwambia mtu. Ndani ya nyumba ile wengine walikuwa na misuli, wifi alikuwa na maneno, Fundi alikuwa na jina. Yeye alikuwa na neno moja tu, tayari, na watano walikula kwa neno hilo.

Kopo la kwanza baada ya homa lilirudishwa: lina chokaa. Kwa hofu, la pili akaliosha na kuliosha, akaziacha ngozi majini siku mbili za joto. Nalo likarudishwa: limeanza kuoza. Hili lilikuwa la tatu.

*

Mkemia wa maabara alifika saa tatu, kama alivyoahidi. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu vilivyosuguliwa, akikanyaga uani kwa kuchagua pa kukanyaga. Dereva wake alibaki akiegemea lango. Wifi alifuta kiti cha plastiki kwa upindo wa gauni lake, akakifuta tena. Fundi alikuwa amenunua soda moja, moja tu, akaifungua mbele ya mgeni ili aone kwamba ni yake.

"Asante, mzee," mkemia alisema, akaiweka chini bila kuionja. "Nimekuja mwenyewe kwa sababu barua hazielezi vizuri."

"Karibu sana, bwana mkemia. Sisi hatuna siri."

"Tatizo si kwamba unga wenu ni mbaya."

"Umesikia?" Fundi alimgeukia dada yake.

"Ngoja amalize," wifi alisema.

"Mngekosea namna moja mara zote mbili, ningewasaidia. Ningepima kosa lenu, nikalipigia hesabu, nikaliondoa kwenye majibu. Unga mbaya usiobadilika una dawa. Lakini wenu mwezi ule ulivuta huku, mwezi huu ukavuta kule. Nikipata jibu dogo, sijui ni magome au ni nyinyi."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kuweka mikono. "Ni ngozi tunazouziwa. Yule bwana wa machinjioni siku hizi ananiletea ng'ombe wagonjwa. Nimemwambia, tena mbele ya wateja wake."

Mama Pacha, aliyekuwa amechutama kando ya beseni, aliinua kichwa. Habari ya kumgombeza mtu wa machinjioni hakuwa ameisikia.

"Lile kopo la kwanza," mkemia aliendelea, naye sasa alikuwa akiangalia viatu vyake, "hatukuligundua mapema. Lilipima magome ya watu kumi na wanne. Chokaa ikiwamo, unga haunywi sawasawa. Magome yote yakaonekana dhaifu. Wakalipwa daraja la pili."

"Watarudishiwa?" Mama Pacha aliuliza.

"Magome yameshachemshwa, mama. Hakuna cha kupima tena." Aliisogeza soda kwa ncha ya kiatu. "Mmoja, bibi mmoja, aliniuliza kama miti yake inaumwa. Nikamwambia huenda. Nimesikia juzi ameikata yote."

Kuku wa jirani alipita uani, akadonoa karibu na soda. Hakuna aliyemfukuza.

"Ah, ya Mungu mengi," Fundi alisema haraka. "Lakini hili la leo, bwana mkemia, hili utashangaa. Mama Pacha, mweleze. Mke wangu huyu ana ulimi, chupa zenu zote zinasubiri. Amekwishasema tayari tangu asubuhi. Akisema tayari, imekwisha."

"Nionyesheni, basi."

Mkemia alichukua ngozi moja iliyokamuliwa, akaomba kisu. Hakukata ukingo. Aliikata katikati, pale penye unene, akaufunua mkato kama mtu anayefunua kidonda. Akatoa mfukoni kichupa chenye maji meupe, dawa ya kutafutia chokaa, akadondosha tone moja.

Mkato uligeuka wa waridi. Rangi ilianza kama aibu, kisha ikakolea, mstari mzima wa katikati, kama ufizi wa mtoto.

"Loo!" dereva alipaza sauti kutoka langoni. "Kumbe hata ngozi hujipaka rangi ya mdomo!"

Aliangua kicheko peke yake. Mkemia alimtazama, dereva akainamisha kichwa.

"Mke wangu amelala vibaya," Fundi alisema. "Ulimi umechoka. Jana alikuwa na watoto, mmoja anakohoa. Mama Pacha, onja tena. Onja tena, mwambie bado. Alikuwa anataka kusema bado."

Mama Pacha alisimama. Maji yalimchuruzika kwenye viwiko. Alimtazama mumewe, akaona jinsi alivyokuwa akimsihi kwa macho, akamfikiria bibi asiyemjua akizunguka na shoka kutoka mti hadi mti.

"Sina ulimi," alisema.

"Unasema nini wewe?"

"Tangu ile homa, sisikii ladha. Makopo yote mawili nilibahatisha. Na hili pia." Alimgeukia mkemia. "Ngozi za yule bwana wa machinjioni ni nzima. Na miti ya yule bibi ilikuwa nzima."

Mkemia alikuwa ameshatoa kalamu. Akaifunika, akairudisha mfukoni.

"Mama, hili mimi sina pa kuliandika," alisema. "Fomu ina chokaa, majivu na unyevu tu." Alifikiri kidogo, kisha akaiuliza nyumba kama ina kichupa kitupu. Wifi alileta cha dawa ya kikohozi. Mkemia akakigawia matone ya dawa yake, nusu kijiko. "Osheni tena. Rangi ikikataa kutokea, angalau mmefika karibu. Lakini kopo nilione Ijumaa kabla ya saa sita. Wakubwa wanakaa saa nane kuamua kama tutaendelea kununua kwenu. Makopo ya kutoka nje yameshaulizwa bei."

"Jumamosi je?" Fundi aliuliza. "Au Jumatatu?"

"Si tarehe yangu, mzee."

Aliondoka akichagua pa kukanyaga. Soda ilibaki imejaa. Fundi aliiokota, akatafuta kizibo chake mchangani, akakipuliza na kukibana tena juu ya chupa, kama mtu anayetumaini duka litaipokea.

*

Mama Pacha alikuwa akimimina maji ya sita. Fundi aliketi kwenye kiti cha mgeni.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," wifi alianza.

"Nyamaza, dada."

"Sinyamazi. Miezi miwili! Miezi miwili nakula mboga kama nimezivua chumvini, najiambia huyu wifi yangu sasa ameamua kuniondoa kwenye nyumba ya kaka yangu kwa presha. Nimeshafunga mzigo mara mbili nikaufungua. Kumbe hata haikuwa chuki!" Alijipiga paja. "Ungeniambia, ningekuonjea mwenyewe, nikapumzika kukuombea mabaya."

Mama Pacha alitaka kucheka, akainamia beseni.

"Ungeniambia mimi," Fundi alisema. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nimekwenda pale mara mbili. Nimesimama mbele ya vijana wale na makoti yao meupe, nikaapa. Nikamwita mtu mwizi mbele ya wateja wake, na mtu yule ndiye anayetukopesha ngozi. Leo nimpitie wapi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nakupiga?"

"Niliogopa utaacha kuniuliza," alisema.

Fundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha anayoijua nusu. Kisha akainuka, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia naye kazini.

Walizigeuza ngozi katika maji ya sita, wakatia kikombe cha siki, wakazikanyaga, wakazikamua. Saa nane wakamwaga, wakaweka maji ya saba. Mapacha walirudi kutoka shule, wakaona nyuso za watu, wakala chakula chao bila kugombania bakuli. Hesabu ya siku Fundi aliijua kwa kichwa, na aliirudia kwa sauti kila alipopita: zikitundikwa leo kabla jua halijazama, zitachukua usiku na kesho yote kukauka; Ijumaa alfajiri wasage; saa tano awe langoni pa maabara na kopo kwapani.

"Zikitundikwa leo," alisema tena.

"Nimesikia," Mama Pacha alijibu.

*

Saa kumi na moja na nusu Mama Pacha aliitoa ngozi moja, ya mgongoni, akaikata katikati kama alivyomwona mkemia akifanya. Fundi alikishika kichupa kwa vidole viwili. Tone lilianguka. Wote watatu waliinama mpaka vichwa vikakaribia kugongana.

Tone lilibaki jeupe. Walihesabu mpaka ishirini. Jeupe.

"Hakuna rangi!" Fundi aliruka. "Hakuna rangi, dada, tazama! Lete vibanio. Mama Pacha, kamata upande huu, tutundike."

"Ngoja. Onja," Mama Pacha alisema.

"Nionje nini? Dawa imeshasema!"

"Hiyo dawa inachoka mapema. Zamani, ulipokuwa bado na kichupa cha dawa kama hii kutoka kiwandani, ilikuwa ikinyamaza na mimi bado naumwa. Ndipo nilipoongeza maji. Onja tu, uniambie."

Fundi alikata kipande, akakiweka ulimini. Miaka sita ya kuisifu kazi hii, hakuwahi kuifanya. Uso ulimkunjika, ukakunjuka.

"Hamna kitu."

"Kiweke ubavuni mwa ulimi. Nyuma kidogo. Usiharakishe."

Alikisogeza. Macho yalimtulia.

"Eeh," alisema polepole. "Panachezacheza."

"Panacheza kama nini?"

"Nitajuaje? Kama... ule utoto wa kuramba betri ya redio. Lakini kwa mbali sana. Kama betri iliyokwisha."

"Halafu inapotea, au inabaki?"

Alingoja. Wifi naye alikuwa amekata chake bila kuambiwa, anakinyonya kimya.

"Inapotea," Fundi alisema, kisha akaona uso wa mkewe, akaona ni uso aliouzoea, ule wa mtu anayesikiliza kitu kisichosikiwa na wengine, na ghafla akaogopa alichokuwa akimwambia. "Imeshapotea. Hamna kitu kabisa. Tundika."

"Baba Pacha."

"Hamna kitu nakwambia."

"Dada yako anasema nini?"

Wifi alitema kipande. Alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, na kwa mara ya kwanza siku ile alitafuta neno akalikosa. "Inabaki," alisema hatimaye. "Kidogo. Kama umeuma ulimi jana."

Mama Pacha alizitazama ngozi, tisa, nyeupe, zikiwa zimelala ukingoni mwa beseni kama nguo za wagonjwa. Aliielewa betri iliyokwisha. Alielewa kuuma ulimi jana. Kinywani mwake hamkuwa na kitu, lakini kichwani alikuwa nako, kule kuuma kwa mwisho kabla ya maji ya mwisho, alikujua kama sauti ya mtoto wake nyuma ya mlango.

"Bado," alisema. "Maji mamoja zaidi."

"Bomba limefungwa tangu saa kumi na moja!" Fundi alisema. "Mapipa yote matupu. Maji mengine ni ya alfajiri, tutundike kesho, zikauke Ijumaa, tusage Jumamosi. Jumamosi pale kuna mlinzi tu na mbwa wake!"

"Najua."

"Unajua, halafu unasema bado. Sikiliza, mke wangu." Alishika mkono wake uliolowa, akaushika kwa mikono miwili. "Mkemia atadondosha tone lake, halitatoa rangi, ataandika sawa. Umeona mwenyewe. Nani atakayejua?"

"Labda atapitisha. Halafu kopo la mwezi ujao litakuwa vingine tena."

"Mwezi ujao! Mimi nakuuliza Ijumaa, wewe unanijibu mwezi ujao. Bila makopo haya hatuna mbele wala nyuma. Mtu wa machinjioni haniongeleshi. Watoto wanakula nini, tanini?"

"Kaka," wifi alisema.

"Sema tayari," Fundi alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Neno moja tu. Miaka sita sijawahi kulikata neno lako, na leo silikati, ndiyo maana nakuomba ulitamke mwenyewe. Sema tayari, nitundike."

Angeweza kutundika bila yeye. Vibanio vilikuwa mkononi mwake, kamba ilikuwa juu yake, ngozi miguuni pake. Mama Pacha aliliona hilo, naye akaona kwamba Fundi hasogei. Alikuwa amesimama akimngoja, kama asubuhi, kama miaka yote. Kilimpanda kilio ambacho hakikufika machoni.

Kwa nusu dakika hivi alitaka kulisema. Ulimi ulishagusa meno.

"Bado, Baba Pacha."

Fundi aliachia mkono wake. Vibanio vilianguka kimoja kimoja kwenye saruji. Akaenda ukutani, akaegemeza kipaji cha uso, na mgongo wake ukawa unatikisika bila sauti. Wifi aliwaita mapacha ndani, akafunga mlango wa jiko.

Mama Pacha aliyalowesha magunia kwa maji machache yaliyobaki kwenye beseni, akayatandaza chini ya ukuta, pale saruji ilipokuwa baridi. Alizipanga ngozi zote tisa, akahakikisha hakuna iliyokunjika, akazifunika kwa gunia la juu. Zikikauka usiku, chokaa ile kidogo itagandamia humo humo, haitatoka tena. Zikipata joto, zitaanza kunuka. Alipenyeza kiganja chini ya gunia, akakiacha hapo, akipima ubaridi.

"Ijumaa nitakwenda kuwaambia nini?" Fundi aliuliza, bado ameuelekea ukuta.

"Tutakwenda wote. Tutawaambia ilivyo."

"Hawatangoja."

"Huenda wasingoje."

Fundi alijifuta uso kwa mkono wa shati. Hakumtazama. Aliokota ndoo, akaenda nayo kwenye bomba, akalifungua; likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Akaliacha wazi vile vile, na ndoo chini yake, ili maji yakija alfajiri yaikute.

"Niamshe ukiyasikia," alisema.